Ukinyeshewa Florence, Usikimbilie Hotelini

Msomaji mpendwa, iwapo siku moja Mola atakujalia ufike Italia, huenda ukaupata mji wa Florence kama nilivyoupata mimi: wingu zito limeuinamia, maji yanachuruzika kutoka kwenye mapaa ya vigae vyekundu, na watalii wamejibanza milangoni mwa maduka kama kuku. Usife moyo, wala usikimbilie hotelini kulala. Mji huu, ambao wenyewe huuita Firenze, umejuana na maji kwa karne nyingi, na mara nyingine maji hayo yameuumiza vibaya. Mimi nathubutu kusema kwamba aliyeuona kwenye jua tu ameuona nusu.

Nilifika huko mwezi wa Novemba, ambao ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kule. Nilikuwa na shughuli zangu Roma, na kwa kuwa shule zetu zilikuwa zimefungwa, niliandamana na binti yangu wa miaka 14. Tulikuwa na siku moja tu ya kutembea. Gari moshi la kasi huchukua muda wa saa moja u nusu hivi kutoka Roma, kwa hivyo tukapanga kwenda asubuhi na kurudi usiku. Binti huyu alikuwa na haja moja tu, nayo alikuwa ameiimba tangu Nairobi: kupanda kuba la kanisa kuu, vidato 463 kwa miguu, akauone mji wote kutoka juu.

Tulipotoka stesheni mvua ilikuwa imeshika kasi. Kabla hatujavuka barabara alitujia kijana wa Kisenegali mwenye miavuli tele mkononi. Vijana hawa huwezi kujua walikuwa wapi dakika tano zilizopita. Tone la kwanza likianguka, hao! Aliniita ndugu kwa Kifaransa, nikamjibu kwa Kiswahili, na bei tukaipatana kwa vidole. Ushauri wangu wa kwanza basi ni huu: nunua mwavuli, lakini usiutegemee sana upepo ukivuma. Wa pili ni viatu. Vichochoro vya Florence vimetandazwa mabamba ya mawe ambayo kwa miaka mingi yamesuguliwa na nyayo hadi yakawa laini, na yakilowa huteleza kama sabuni.

Kanisa kuu, Santa Maria del Fiore, si mbali na stesheni. Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Kulipanda kuba hutaka tiketi ya siku na saa maalumu, iliyokatwa mapema, nami nilikuwa nimejisemea kuwa mtu na mwanawe hawakosi nafasi. Siku yote ilikuwa imejaa. Mtoto hakusema neno. Alinyamaza kwa namna ambayo kila mzazi anaijua, akaangalia juu, mvua ikimpiga usoni.

Kuingia kanisani hakulipiwi, lakini foleni ilikuwa ndefu na yote imesimama mvuani. Nikamshika mkono tukazunguka nyuma ya kanisa hadi kwenye jumba la makumbusho la kanisa lenyewe, liitwalo Museo dell'Opera del Duomo. Huko tulikuta nafasi. Wageni wengi hulipita jumba hili kwa haraka, nami naona wanajinyima, kwani humo ndimo kuba lile linamoelezwa.

Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka wa 1296, lakini zaidi ya miaka 100 baadaye mahali pa kuba palikuwa bado wazi. Wajenzi wa siku zile walizoea kujenga kuba juu ya kiunzi cha mbao kilichoanzia chini. Hapa upana ulipita mita 40 na kimo chake kilitisha. Nani angepata miti ya kiunzi kama hicho? Filippo Brunelleschi, ambaye alianza maisha katika kazi ya usonara, akasema atajenga bila kiunzi cha namna hiyo. Alianza mwaka wa 1420. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, na katikati yake ndimo vidato vinamopita. Matofali, ambayo idadi yake ni zaidi ya milioni nne, aliyapanga kwa mtindo ufananao na mifupa ya samaki ili kila safu ijishikilie yenyewe kabla ya saruji kukauka. Mizigo ilipandishwa kwa mtambo uliozungushwa na maksai. Mwaka wa 1436 kanisa likazinduliwa.

Katika jumba hilo utaona mifano ya kuba iliyochongwa kwa mbao na umbo la uso wa Brunelleschi lililochukuliwa alipokufa. Binti yangu aliusimamia uso ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Baadaye tukapanda hadi roshani ya juu ambako kuba lenyewe linaonekana karibu kabisa, jekundu kwa kulowa, ukungu ukiupita mnara wake. Hatukuwa juu yake, lakini tulikuwa uso kwa uso nalo. Nilipomtazama kwa jicho la pembeni nikaona amenisamehe kidogo.

Ndani ya jumba hilo hilo kuna milango ya dhahabu ya Lorenzo Ghiberti, aliyoitengeneza kuanzia 1425 hadi 1452 kwa ajili ya nyumba ya ubatizo iliyoko mbele ya kanisa. Iliyoko nje leo ni nakala. Ile yenyewe ina vipande vikubwa kumi vya visa vya Agano la Kale, na baadhi yake vilibanduliwa na mafuriko ya mwaka wa 1966. Kuikarabati kulichukua zaidi ya miaka 25. Kadhalika yumo Maria Magdalena, sanamu ya mti iliyochongwa na Donatello, mwanamke aliyekonda na nywele zilizomfunika mwili mzima. Naye alisimama ndani ya maji yale. Mafundi walipomsafisha tope wakagundua kwamba chini ya uchafu wa miaka mingi nywele zake zilikuwa zimepakwa dhahabu. Kumbuka mafuriko hayo, msomaji, nitayarudia.

Kutoka hapo tembea dakika chache tu kuelekea kaskazini-mashariki, nawe utafika penye uwanja wa Santissima Annunziata. Upande mmoja kuna baraza refu lenye nguzo nyembamba, na hata kama mvua inamwagika kama iliyofunguliwa bomba, hapo utakaa mkavu. Hii ni kazi nyingine ya Brunelleschi, nayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotupwa. Ilianza kujengwa mwaka wa 1419 kwa gharama ya chama cha wafanyabiashara wa hariri. Juu ya nguzo utaona vitoto vyeupe vilivyofungwa nguo za uchanga kwenye mviringo wa samawati, kazi ya Andrea della Robbia ya mwaka wa 1487.

Mtoto wa kwanza alipokewa tarehe 5 Februari mwaka wa 1445. Alikuwa msichana, wakampa jina la Agata Smeralda. Tangu hapo maelfu kwa maelfu walifuata, wengi wakiachwa usiku. Baadaye palikuwapo dirisha dogo lenye vyuma, lililoruhusu mtoto mchanga tu kupitishwa, na ambalo lilifungwa mwaka wa 1875. Nyumba hiyo haikufa. Hata sasa inashughulikia watoto, na kituo cha utafiti cha UNICEF kilipata makao humo mwaka wa 1988.

Ndani kuna jumba la makumbusho, na katika chumba kimoja kuna visanduku vidogo vidogo vya kuvuta. Kila kimoja kina jina la mtoto wa karne ya 19 na alama aliyoachwa nayo. Kimoja kina medali iliyokatwa nusu. Kingine kina shanga, kingine kitambaa. Maana yake ni kwamba mama alibaki na nusu yake, ili siku mambo yakimnyokea aje na nusu ile, ziunganishwe, ajulikane kuwa ndiye. Ile nusu ya pili haipo hapo.

"Baba, na kama alirudi lakini amepoteza nusu yake?" binti yangu aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Alifungua visanduku vile kimoja kimoja, akisoma majina kwa sauti ya chini, na alipomaliza safu moja akaanza nyingine. Mimi niliyekuwa nikihesabu saa na kuwaza mambo mengine ya kuona, nikaacha kuhesabu. Ukiwa na watoto, wapeleke hapa hata kama mtakosa picha mashuhuri. Tena usiwaharakishe.

Njaa ikiuma, nenda soko la San Lorenzo, jengo la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka wa 1874. Chini wanauza nyama, jibini, mboga na matunda. Orofa ya juu tangu 2014 imekuwa ya vibanda vya vyakula. Vibanda vya chini hufunga mapema alasiri, kwa hivyo usichelewe. Na sasa nitakwambia jambo litakalokuchekesha. Chakula ambacho watu wa Florence wanajivunia, wanachokipangia foleni mawakili na wapaka rangi pamoja, ni matumbo! Wanayaita lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa polepole katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, likakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate wa duara ambao upande mmoja umechovywa mchuzini, kisha likamwagiwa rojo la majani mabichi. Nilipolionja nilidhani niko Burma Market, isipokuwa pilipili ilikuwa na haya kidogo.

Binti yangu alikataa katakata, akachagua ribollita. Hii ni supu nzito ya maharagwe, mkate mkavu wa jana na aina ya kabeji ya majani meusi-meusi ambayo ni ya ukoo mmoja na sukuma wiki yetu. Jina lake lina maana ya iliyochemshwa tena, kwani ni chakula cha maskini waliopasha leo kilichobaki jana. Kwa siku ya baridi na mvua sijui kinachoishinda. Wasomaji wasiokula nguruwe waulize kwanza, maana wapo wapishi wanaoitia mafuta yake. Wala usishangae mkate kukosa chumvi. Ndivyo wanavyoupenda huko Toscana. Kahawa nayo inywe umesimama kaunta kama wenyeji, kwani mara nyingi ukikaa mezani bei hupanda.

Alasiri tuliteremka hadi uwanja wa Piazza della Signoria. Jitu la marumaru lisimamalo hapo mbele ya jumba la serikali ya mji, mvua ikilitiririka kifuani, ni nakala ya Daudi wa Michelangelo. Daudi mwenyewe, mwenye kimo cha zaidi ya mita 5, alikamilika mwaka wa 1504 na akakaa uwanjani akinyeshewa kwa karne tatu na ushei, hadi mwaka wa 1873 alipohamishiwa ndani ya Galleria dell'Accademia ili hali ya hewa isiendelee kumla. Hebu fikiria, hata jiwe huko lilihurumiwa likaingizwa ndani.

Pembeni mwa uwanja kuna baraza kubwa la matao matatu, Loggia dei Lanzi, lililojengwa karne ya 14. Halina mlango wala tiketi. Ndani yake kuna sanamu ambazo nchi nyingine zingeziwekea walinzi na vioo: Perseus wa Benvenuto Cellini akiinua kichwa cha Medusa, na kazi ya Giambologna ya watu watatu waliojisokota pamoja kutoka jiwe moja. Mvua ilipozidi, umati wote ulikimbilia humo. Palikuwa na wazee wenye mifuko ya sokoni, wanafunzi wakila chipsi, bibi arusi wa Kijapani aliyekuja kupigwa picha akaloa pindo la nguo, na sisi wawili. Tulikaa kama nusu saa. Baada ya dakika kumi watu wasiojuana wakaanza kutabasamu.

Mkabala na hapo ni Uffizi, jumba la picha maarufu kuliko yote nchini Italia. Jina lake ni neno lile lile ofisi, kwani lilianza kujengwa mwaka wa 1560 kuwa ofisi za watawala wa ukoo wa Medici. Humo ndimo picha za Botticelli zilimo. Nitakupa maoni yangu bila kuficha: siku ya mvua, kama huna tiketi ya saa maalumu, liache. Kila mtu mjini huwa amepata wazo hilo hilo. Lakini kama unayo, ingia bila kusita, na jumba hufungwa Jumatatu. Jambo la kuwafurahisha wazazi ni kwamba majumba ya serikali kama Uffizi, Accademia na San Marco hayawatozi watoto walio chini ya miaka 18, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kuingia ni bure kwa wote, ingawa foleni ya siku hiyo wewe mwenyewe unaweza kuikisia.

Inua macho juu ya Uffizi uone ujia uliofunikwa unaotambaa juu ya nyumba kuelekea mtoni. Giorgio Vasari aliujenga mwaka wa 1565 kwa muda wa miezi mitano tu, ili mtawala Cosimo wa Medici aweze kutoka kazini hadi kwake ng'ambo ya mto bila kukanyaga barabara. Unapita juu ya daraja la Ponte Vecchio, ambalo wakati huo lilikuwa na maduka ya wauza nyama. Mwaka wa 1593 watawala waliudhika na uvundo, wakawafukuza wachinjaji na kuwaleta masonara, ambao wako hadi leo. Ujia huo ulifunguliwa tena kwa umma Desemba mwaka wa 2024, kwa hivyo siku hizi hata mimi na wewe twaweza kukata tiketi tukauvuka mto bila kulowa, kama Medici.

Na sasa yale mafuriko. Nyuma ya jumba la serikali huanza kichochoro kiitwacho Via de' Neri. Kifuate hadi kinapokutana na Via San Remigio, usimame, uangalie ukutani. Kuna kibao cha kale chenye mkono uliochongwa, kidole kikigusa mstari: hapa ndipo maji ya Arno yalipofika tarehe 4 Novemba mwaka wa 1333, yakabomoa hata Ponte Vecchio ya wakati ule. Juu zaidi kuna kibao cha pili, cha mwaka wa 1966. Tarehe yake ni 4 Novemba vile vile.

"Onyesha, Baba," binti yangu akasema. Nikanyoosha mkono wenye mwavuli juu kadiri nilivyoweza. Sikukaribia. Maji yalikuwa karibu mita 5.

Siku zile za 1966 matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto yalikuwa yamejazwa kwa ajili ya majira ya baridi. Maji yaliyapasua, na yaliyomwagika majumbani yakawa mchanganyiko wa tope, maji taka na mafuta meusi. Watu 35 walikufa mjini na katika viunga vyake. Katika Maktaba ya Taifa iliyo kando ya mto, mamia ya maelfu ya vitabu vililoa. Ndipo vijana wakaanza kuwasili, kutoka Italia yote na nchi za nje, wengi wao wanafunzi. Walipanga mistari katika ngazi za maktaba, wakapokezana vitabu vilivyojaa tope mkono kwa mkono. Watu wa mji wakawaita malaika wa matope. Sisi tulioziona mvua za Aprili na Mei 2024 zikibeba nyumba Mathare na kuwaua watu Mai Mahiu, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mbele kidogo ya Via de' Neri ni kanisa la Santa Croce, nalo ni eneo lililopigwa na maji kuliko mengine. Wengi huenda kuona makaburi, nayo yanastahili: Michelangelo, Machiavelli na Galileo wote wamelala humo. Wewe tafuta msalaba wa Cimabue, uliochorwa karne ya 13. Sehemu kubwa ya rangi yake ilibanduka na kuelea katika maji ya 1966. Mafundi hawakujaribu kuudanganya ulimwengu kuwa ni mzima. Palipokosa rangi wamepaka mistari midogo midogo ambayo kwa mbali hutulia, na kwa karibu hukuonyesha jeraha. Kisha nenda penye chumba cha zamani cha kulia cha watawa, uone Karamu ya Mwisho ya Vasari, iliyozama maji kwa zaidi ya saa 12 na kurudishwa mwaka wa 2016, miaka 50 baadaye. Safari hii wameifungia mtambo wa kuinua. Arno ikifurika tena, picha itapandishwa juu.

Tulipotoka giza lilikuwa linaingia na mvua imekuwa manyunyu. Tulisimama kwenye daraja la Ponte alle Grazie. Mto ulipita chini yetu ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, umejaa lakini haujakasirika, na taa za Ponte Vecchio zikitetemeka ndani yake. Wenyeji walipita na mifuko yao ya mikate, nami niliona kwamba karibu kila mmoja, bila kusimama, alitupa jicho mtoni.

Mwavuli ulivunjika mbavu mbili karibu na stesheni. Ndani ya gari moshi binti yangu alivua soksi akazikamua chooni, akarudi na kutoa simu yangu mfukoni mwa koti langu. Nilidhani anatafuta picha. Alikuwa akitazama tiketi za kuba hufunguliwa kuuzwa siku ngapi kabla.